Dakika ya Roze

Mpendwa Ma Célestine,

Naomba msaada, tena naomba unijibu gazetini kabla ya Jumapili, siku ya Mungu, kwa sababu siku hiyo nimeitwa kusimama mbele ya kanisa zima nieleze ndoto ambayo sijaiota. Nimejaribu hata kulala mchana nikisema labda itakuja yenyewe, iwe imechelewa lakini iwe ya kweli, na nilichoota ni mbuzi anayekula soksi, na sioni namna ya kumpeleka mbuzi huyo madhabahuni.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, naishi Songo, hapa Uvira, na kazi yangu ni kutengeneza saa za ukutani zinazobadilika rangi. Nanunua mbao za mitumbwi iliyozeeka kwa wavuvi wa Kalundu, mbao zilizokunywa maji ya ziwa mpaka zikapata mistari yake zenyewe, nachonga milima juu na ziwa chini, halafu nyuma ya ubao napitisha mkanda wa taa ndogo ndogo, na taa hizo zinapewa amri na kibao cha elektroniki chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho nakiandikia maagizo kwenye ordinateri, yaani kompyuta yangu: asubuhi toa njano, adhuhuri nyeupe, jioni machungwa, usiku bluu. Shuleni tulikuwa wasichana wawili katika darasa la elektroniki na mwenzangu akaolewa. Naipenda kazi hii kuliko chakula. Nikimaliza saa moja nafunga madirisha naiwasha naitazama peke yangu huku nacheka, na jirani hugonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Sasa, shida ilianza na mwanaume. Usiikunje barua, mama, nisikilize.

Mwezi wa pili aliingia katika atelie, karakana yangu, mtu mrefu mwenye pumba za mpunga mpaka kwenye nyusi, jina lake Rémy, ana mashine ya kukoboa mpunga kule Luberizi, na alikuja na shida ambayo sijawahi kuisikia kwa mteja yeyote. Alisema mashine yake ina kelele hata mtu akiitwa zamu yake hasikii, na akina mama wanaoleta mpunga wanagombana kila siku nani alifika mbele ya nani. "Fundi," akasema, "minye sitaki saa ya kuonesha saa. Niko na simu. Nataka saa ya kuita bantu bila kusema kitu." Ma Célestine, kuna wasichana huambiwa wana macho mazuri. Mimi niliambiwa maneno hayo nikampindulia ndoo akae asiondoke.

Tulipanga kazi pale pale, yeye amekalia ndoo. Kila mama akifika atafungiwa uzi wa rangi kwenye gunia lake, saa itageuka rangi kila robo saa, na ikitoa rangi ya uzi wako ndiyo zamu yako, hakuna kupiga kelele wala kusukumana. Ilikuwa kazi ya siku nne. Niliifanya wiki mbili, kwa sababu kila siku niliona kitu cha kurekebisha na kila nikirekebisha ilibidi aje aone. Siku ya mwisho, kabla sijafunga mgongo wa saa, niliongeza mstari mmoja katika maagizo, mstari wangu mwenyewe ambao hakuna aliyeniomba: kila siku, saa tisa na dakika tisa mchana, kwa dakika moja, rangi ya waridi, ile ambayo sisi wote tunaiita roze. Kwa nini saa tisa na dakika tisa? Kwa sababu ndiyo dakika aliyoingia mlangoni kwangu. Ninaijua vizuri maana siku ile nilikuwa na saa sita ukutani nazijaribu, na zote sita zilikuwa zinasema kitu kimoja, jambo ambalo kwangu halitokei mara nyingi. Nilijiambia ni siri yangu, haimdhuru mtu, yeye ataona ni pambo tu.

Kumbe kule kwenye mashine hakukuwa na mama hata mmoja mwenye uzi wa roze. Siku ya kwanza ilipowaka, hakuna aliyeinuka, Rémy akazima mashine angoje aone ni zamu ya nani, na kwa dakika nzima pakawa kimya, kitu ambacho hakijatokea pale tangu mashine ile ifike. Akina mama walisikia ndege wakiimba. Mmoja akamgeukia mwenzake akamwomba msamaha kwa gunia walilogombania wiki iliyopita. Kesho yake wote walikuwa wameketi wanaingoja.

Rémy alinipigia simu. "Fundi, hii roze iko ya nini? Hakuna muntu mwenye zamu." Mimi nikamjibu haraka, "Njo ya kujaribisha taa." Yaani nimesoma miaka sita nikatoa jibu kama hilo. Akasema, "Basi usiitoshe, iache. Minye nayo ninaikaa kuiangalia." Nilikata simu nikatembea atelie nzima mara nne.

Baada ya hapo maombi yakaniangukia. Akina mama wa Luberizi walibeba habari pamoja na mchele wao mpaka soko la Mulongwe, kila mtu akataka saa ya rangi, na mimi kwa haraka nilikuwa nachukua yale maagizo ya saa ya Rémy nayanakili kama yalivyo, nabadilisha rangi mbili tatu, nafunga, napeleka. Ule mstari wangu niliusahau mle ndani. Nilikuja kustuka siku niliyopita sokoni saa tisa na kitu nikaona roze kwa muuza vitenge, roze kwa msusi, roze kwenye dirisha la famasi, na watu wamesimama. Nilikuwa nimeshauza sitini na tatu.

Na watu wenyewe wameshaiwekea sheria, mama. Wakati wa dakika ya roze hakuna kubishana bei, bei iliyotajwa mwisho ndiyo hiyo hiyo. Ukimsemesha mtu mliyenuniana ndani ya dakika ile, hana ruhusa ya kurudisha ugomvi. Nilijaribu kurekebisha kosa, nikauza saa moja bila ule mstari, na mwenye nayo alinirudishia siku ya pili amekasirika: "Fundi, hii imekufa. Haina dakika." Mzee Ayoubu, ambaye anauza saa zangu dukani kwake Mulongwe, anawaambia wateja wake kwamba ile ni ya kukumbusha sala ya alasiri. "Binti," aliniambia, "saa yako iko na adabu, inaamusha muntu mbele ya mwadhini." Nikaona aibu kumbishia mzee.

Lakini aliyenimaliza ni Mama Generose, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu. Alikuja kuchukua saa ya ofisi ya Mchungaji Gaspard akanikuta nafunga mgongo wa saa nyingine, skrubu tano ziko mdomoni, ndiyo desturi yangu, mikono haitoshi. Akanitazama machozi yanamlenga akasema, "Mwanangu, saa tisa njo saa ya sala tangu wakati ya mitume. Weye hukufikiri hii kwa akili yako. Ni Bwana alikuonesha mu ndoto, ao naongopa?" Na mimi, skrubu tano mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nataka tu amalize nizitoe skrubu nimweleze. Nilipozitoa alikuwa ameshafika barabarani anaimba.

Sasa ndoto hiyo imetangazwa. Mchungaji amefundisha juu yake wiki mbili. Siku ya Mungu natakiwa nitoe ushuhuda, na ibada yetu inapita redioni mpaka bondeni huko Luberizi.

Na Rémy je? Hapo ndipo nalia na kucheka pamoja. Saa yake inaharibika kila mara na sielewi kwa nini. Amekuja nayo mara tatu, ameifunga mgongoni kwa kitenge juu ya pikipiki. Mara ya kwanza waya mmoja ulikuwa umekatika, nikaunga. Mara ya pili waya ule ule, umekatika safi kabisa. Nikamwambia, "Panya ya kwako iko na meno ya makasi. Nunua paka." Akanunua. Mara ya tatu umekatika tena na paka yupo, na nilimgombeza kwamba hamlishi vizuri huyo paka ndiyo maana halindi. Aliinama akasema atamlisha.

Juzi alikuja mara ya nne, bila saa. Alisimama mlangoni akasema, "Nasikia uliota." Nikachukua ufagio. Akasema, "Saa yangu njo ilikuwa ya kwanza kuwa na roze. Hiyo ndoto ilianzia kwangu?" Nikajifanya natafuta bisibisi. Halafu akauliza polepole, "Fundi, siku nilikuya kwako ya kwanza, ilikuwa saa ngapi?" Nikasema, "Sijuwe." Mimi, fundi wa saa. Akatikisa kichwa akasema, "Haizuru. Siku ya Mungu nitafungua redio."

Nifanye nini, mama? Nikisema niliota, nimedanganya kanisani, na yeye kule anasikia kwamba dakika ile haikuwa yake kamwe, atarudi kwenye mpunga wake na sitamwona tena. Nikisema kweli, watu wanaosali katika dakika ile watajua wamekuwa wakisali kwa ajili ya nyusi zenye pumba, na Mama Generose hatanisamehe. Nina shangazi anayeishi Lemera, kule milimani redio haishiki vizuri, nimefikiria kwenda kumsaidia kulima mpaka mambo yapoe. Silali, sili vizuri, na bado nikiona roze nacheka. Nisaidie.

Ni mimi, Fundi wa Songo. Jina langu usiliandike.

*

Fundi wa Songo,

Jina lako sikuliandika. Lakini niambie, mwanangu, ulifikiri Uvira kuna wasichana wangapi wanaotengeneza saa za rangi kwa mbao za mitumbwi? Ulinitumia barua bila jina yenye kila kitu kingine, imebaki kuchora ramani ya nyumba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuangalia. Mara ya pili nilikasirika, na nitakuambia kwa nini. Mimi nami nina saa yako. Mimi na wifi yangu Eliane tulikuwa hatusemeshani miaka miwili kwa sababu ya sufuria moja ambayo hata sasa najua ilikuwa yangu. Mwezi uliopita alikuja kwangu kumleta mtoto, ikawaka roze, akasema "Bonjour, wifi," na sheria ya mji ikanikataza kurudisha ugomvi. Tumekula pamoja Jumapili tatu. Na leo najua kwamba amani ya nyumba yangu ililetwa na mpunga wa Luberizi. Nilikaa na hasira hiyo kama nusu saa hivi, halafu nikajiuliza namkasirikia nani, maana Eliane bado ni wifi yangu na chakula kilikuwa kizuri.

Basi hilo liondoe moyoni. Waliopatana wamepatana. Wanaosali saa tisa hawakusali kwako, wala Mungu hakuwa anangoja kibao chako chenye ukubwa wa kiberiti ili asikie. Hukuharibu sala ya mtu. Ulichoharibu ni kitu kingine: ulimwacha mama mtu mzima aondoke na uongo mkononi akiwa analia kwa furaha, na wiki mbili ukamwacha autangaze. Usiniambie habari ya skrubu. Skrubu tano zinatemwa kwa sekunde moja, na barabara ya Songo naijua, si ndefu kiasi cha kumshinda msichana wa miaka ishirini na saba kumkimbilia mama wa miaka sitini. Ulinyamaza kwa sababu ulipenda kusifiwa. Ni kosa la kibinadamu, lakini ni lako, na usilipeleke Lemera. Shangazi yako hakukuomba umsaidie kulima, na kwa namna unavyoandika utamchomea shamba.

Sasa tuje kwa mwenye mashine. Hapa, mwanangu, nimeshika kichwa. Umesoma elektroniki. Unaweza kuiambia taa iwake saa ngapi na kwa muda gani. Mtu anatoka Luberizi, anapita Sange, anapita Kiliba, na saa ya mbao mgongoni, barabara unaijua ilivyo, mara tatu, kwa waya mmoja. Waya huo uko ndani ya saa iliyofungwa kwa skrubu. Panya gani anafungua skrubu? Na baada ya kula anazirudisha? Wewe ukamwambia anunue paka, na mtu wa watu akanunua paka, na bado ukamgombeza kuhusu chakula cha paka. Nimefanya kazi hii ya kujibu barua miaka kumi na moja, nimesoma habari za wanaume walioapa, walioimba chini ya dirisha, waliotuma wajomba. Huyu wako amefuga mnyama asiyemhitaji kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kusema sentensi moja. Mna ugonjwa mmoja nyote wawili, na dawa yake ni mdomo.

Tena hukusikia alichokuuliza juzi. Unafikiri alikuwa anataka kujua aliingia kwako saa ngapi? Mtu aliyesimama mbele ya saa sita zinazosema kitu kimoja anajua aliingia saa ngapi. Aliliona hilo siku ile ile ulipojibu habari ya kujaribisha taa, ndiyo maana akakwambia usiitoe. Alikuuliza ili ajue kama wewe pia unajua. Nawe ukamjibu "sijuwe." Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo usikae unaogopa kwamba ukweli utamfukuza. Ukweli anao tayari, anachongoja ni kuusikia kwako. Ndoto ndiyo itakayomfukuza.

Sikiliza utakavyofanya, na ufanye kwa mpangilio huu, maana gazeti hili linasomwa Uvira Ijumaa asubuhi na kufika Luberizi Jumamosi jioni pamoja na magari yanayofuata mchele. Leo hii, kabla hujawasha ordinateri, nenda kwa Mama Generose. Kwake kwanza, si kwa mchungaji. Yeye ndiye uliyemwitikia kwa kichwa, yeye ndiye wa kuambiwa kwa mdomo. Usianze na mapenzi, anza na kosa: "Mama, nilikuacha uamini kitu ambacho si kweli, nisamehe." Atakasirika. Mwache akasirike, kaa chini, usijitetee. Akimaliza, mwombe akupeleke kwa Mchungaji Gaspard yeye mwenyewe, kwa sababu jambo hili mlilianza wawili na haifai mchungaji alisikie kwa watu wengine akiwa sokoni. Kama nawajua akina mama wa kanisa, atakapofika kwa mchungaji atakuwa ameanza kukutetea.

Ukitoka hapo pita kwa Mzee Ayoubu. Mwambie kwa heshima kwamba dakika yako haijui alasiri. Alasiri inasogea mwaka mzima kwa kufuata jua, taa yako imesimama pale pale, na haifai mtu mwaminifu akose sala yake kwa kutegemea kumbukumbu yako ya mwanaume. Mzee ni mfanyabiashara, atapata maneno mengine ya kuuzia. Na wewe mwenyewe rudi kwenye maagizo yako, kila mteja mpya umuulize: unaitaka dakika ya roze, au huitaki? Akiitaka mwambie imewekwa na fundi, basi. Siri yako haikustahili kuingia nyumba sitini na tatu bila kubisha hodi.

Siku ya Mungu utasimama. Ndiyo, utasimama, usitafute homa. Utasema maneno machache, nami nakuandikia ili usianze kueleza habari ya mbuzi: "Sikuota ndoto. Dakika ile niliiweka kwa furaha yangu mwenyewe, na sikujua kama mtaipenda. Niliposifiwa kwa kitu nisichokifanya nilinyamaza, na nawaomba mnisamehe. Mema mliyoyafanya ndani yake ni yenu." Halafu uketi. Usilitaje jina la mtu yeyote. Kanisa litanong'ona wiki moja, wiki ya pili patatokea harusi au ugomvi wa kwaya, nao watakusahau.

Nimeacha Jumamosi makusudi. Jumamosi asubuhi, mapema, gazeti hili likiwa bado Uvira, panda gari uende Luberizi. Usimpigie simu, kwenye simu unajibu vibaya. Usimngoje avunje kitu kingine aje nacho, kwa maana baada ya waya sijui atakata nini. Safari zote amezifanya yeye, hii ni ya kwako. Utamkuta kazini, mashine inanguruma, akina mama wamejaa, na hutasikika hata ukipiga kelele. Vizuri. Ngoja roze iwake, azime, umjibu ilikuwa saa ngapi. Na akina mama wakikukodolea macho, waache wakodoe, wao ndio waliokutangaza.

Labda unauliza, na nikikosea je, Ma Célestine, na kama kweli ni panya? Basi utakuwa umesema jambo la kweli kwa mtu mwema, utapanda gari urudi Songo, utalia siku mbili, na siku ya tatu mvuvi atakuletea ubao mwingine. Mimi ningekuja kukaa nawe hizo siku mbili, na Eliane angepika. Lakini si panya.

Jambo la mwisho, nalo ndilo gumu kwa watu wa ufundi kama wewe. Kile kisanduku cha vifaa kiache nyumbani. Usibebe bisibisi, usibebe waya wala taa ya akiba, usibebe hata skrubu moja ya kuweka mdomoni. Akikuona umesimama pale mikono mitupu atakuuliza umekuja kutengeneza nini. Mwambie hakuna kilichoharibika.

Ma Célestine